Kaole au Mto Wami: Wapi Umpeleke Mtoto Akamjue Mamba

Shule inapoamua kuwapeleka wanafunzi wakamwone mamba, sisi wa Bagamoyo tuna sehemu mbili za karibu za kuchagua. Ya kwanza ni shamba la mamba la Kaole, jirani na magofu, ambako wanyama wamo ndani ya kuta na ziara nzima humalizika kabla ya adhuhuri. Ya pili ni Mto Wami ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako unapanda boti pamoja na mwongozaji na kumtafuta mamba nyumbani kwake, bila uhakika wa saa wala mahali atakapojitokeza. Nimewapeleka wanafunzi wa sekondari pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na nimegundua kwamba sehemu hizi mbili hazifundishi somo moja. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mwalimu au mzazi ambaye fedha na ratiba vinamruhusu safari moja tu, na anataka safari hiyo imwachie mtoto maarifa ya kweli kuhusu mnyama huyu.

Nitaje mapema upande nilioegemea. Kwa mtoto mdogo, na kwa mgeni aliyebakiwa na nusu siku mjini, ningechagua Kaole bila kusita. Kwa kijana anayeishi karibu na Mto Ruvu, Wami au Pangani, yaani kijana ambaye huenda atachota maji, atavua samaki au atavuka kwa mtumbwi mahali penye mamba, ningechagua mto, hata kama ungenilazimu kuchangisha wazazi kwa muhula mzima. Sababu za uamuzi huo zimo katika mwili na tabia za mamba mwenyewe, na ndiyo maana nitazungumzia mamba zaidi kuliko barabara na viingilio.

Mnyama ni mmoja

Mamba utakayemwona Kaole na yule wa Wami ni wa aina moja, mamba wa Naili, ambaye ameenea katika mito na maziwa mengi ya Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania ina aina nyingine pia, mamba mwenye domo jembamba wa Ziwa Tanganyika, lakini huyo hayupo katika mito ya pwani yetu. Dume aliyekomaa wa mamba wa Naili kwa kawaida hufikia urefu wa meta 3.5 hadi 5, na jike huwa mdogo kuliko dume. Wachache hupita hapo. Wanapoanguliwa wana urefu wa sentimeta 30 hivi, yaani sawa na rula ya mwanafunzi, na mfano huo wa rula ndio ninaoutumia darasani kwa sababu watoto hawausahau.

Watu wengi humhesabu mamba kuwa mjusi mkubwa, au ndugu wa kenge. Kwa umbo ni rahisi kudhani hivyo, ila kwa ukoo sivyo. Miongoni mwa wanyama wanaoishi leo, jamaa wa karibu zaidi wa mamba ni ndege, kwa kuwa mamba, ndege na dinosaria walitoka katika ukoo mmoja wa kale, ambao tawi lake lililozaa mamba limekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 200. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, na huwa nalithibitisha kwa mambo mawili ambayo mtoto yeyote aliyewahi kumchinja kuku nyumbani anayaelewa. La kwanza ni moyo: mijusi na kobe wana moyo wenye vyumba vitatu, ilhali mamba ana vinne kama kuku na kama sisi. La pili ni firigisi: tumbo la mamba lina sehemu yenye misuli minene inayofanana na firigisi ya kuku, na ndani yake mara nyingi hukutwa mawe aliyoyameza, kama vile kuku anavyomeza changarawe.

Mahali Kaole inaposhinda

Kama lengo lako ni mwili wa mamba, shamba linaushinda mto kwa mbali, kwa sababu mtoni humwoni mamba kwa ukaribu unaofaa kwa somo. Shambani unaweza kusimama nyuma ya ukuta ukamtazama kichwa chake kwa dakika kumi mfululizo, na kichwa cha mamba kinastahili dakika hizo zote.

Mwambie mwanafunzi aanze na taya. Mamba wa Naili ana meno kati ya 64 na 68, na hata akifunga mdomo, jino la nne la taya la chini huonekana kwa nje, jambo linalomtofautisha na aligeta wa Marekani, ambaye meno yake ya chini hufichika. Meno haya hayadumu. Chini ya kila jino kuna jingine linalokua, na likidondoka la juu, la chini hushika nafasi yake, hivi kwamba mamba mmoja hutumia maelfu ya meno katika maisha yake. Wala si meno ya kutafuna. Yametengenezwa kwa kushika, na kinachoyapa nguvu ni misuli ya kufunga taya. Mwaka 2012 mtafiti Gregory Erickson na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ya kung'ata ya aina zote 23 za jamii ya mamba zilizokuwa zikitambuliwa wakati huo, na mamba wa maji chumvi alifikia nyutoni 16,414, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa kwa mnyama mwingine aliye hai. Misuli ya kufungua taya, kinyume chake, ni dhaifu kiasi kwamba wafanyakazi wa mashamba huufunga mdomo wa mamba kwa kamba au utepe tu wanapomhamisha. Ni vyema mwongozaji akalieleza jambo hili akiwa nje ya ukuta, na mwalimu akahakikisha hakuna kijana anayeondoka akidhani amejifunza njia ya kumkabili mamba mtoni. Anayemfunga mamba shambani amekwisha kumdhibiti kwanza, tena si peke yake.

Kisha atazame ngozi ya mashavu. Juu ya magamba ya taya kuna vinundu vidogo vyeusi, kama alama za ncha ya kalamu. Vinundu hivyo ni viungo vya kuhisi. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alionyesha kwamba aligeta aliyewekwa katika giza kamili hugeuka na kuelekea mahali tone moja la maji linapodondoka juu ya uso wa maji, na kwamba vinundu vikifunikwa, uwezo huo hupotea. Aligeta anavyo kichwani tu, lakini mamba wa kundi la mamba wetu anavyo karibu mwili mzima. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu muhimu kuliko vyote mtoto atakachokiona Kaole, kwa sababu kinaeleza kwa nini kuosha miguu kimyakimya ukingoni usiku si kujificha. Mtikisiko wa mguu mmoja ndani ya maji unatosha kumpa habari.

Macho na matundu ya pua viko juu ya kichwa, kwa hiyo mamba huona na kupumua huku sehemu nyingine zote za mwili zikiwa zimezama. Akizama kabisa, matundu ya pua hufungwa, kope ya tatu iliyo nyangavu huteleza na kulifunika jicho, na mkunjo wa nyama ulio nyuma ya ulimi hufunga njia ya koo. Mkunjo huo ndio unaomwezesha kushika windo chini ya maji mdomo ukiwa wazi bila maji kuingia mapafuni. Mamba akiachama juani shambani, mkunjo huo huonekana vizuri kama mwongozaji atawaonyesha mahali pa kutazama. Ulimi nao umeshikamana na sakafu ya mdomo, hawezi kuutoa nje.

Hayo yote ni masomo ya Kaole, na mtoni utayakosa karibu yote. Pale shambani pia ndipo watoto wanapoelewa tofauti ya umri, kwa kuwa mamba hutengwa kwa ukubwa. Kuwatenga huko kuna sababu, nayo ni kwamba mamba wakubwa huwala wadogo, porini na kizuizini vilevile.

Kile ambacho ukuta hauwezi kuonyesha

Miaka michache iliyopita tulipokuwa tukirudi kutoka Kaole, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniambia, "Mwalimu, kumbe mamba ni mvivu tu, watu wanamwogopa bure." Hakuwa mkaidi, alikuwa ameeleza kwa uaminifu alichokiona. Kwa saa nzima alikuwa amewatazama wanyama waliolala juani bila kutikisika, na mimi sikuwa nimemwandaa aelewe maana ya kule kulala. Kijana huyo alikuwa akiishi kijiji kilicho karibu na Ruvu. Tangu siku hiyo nimeona kwamba ziara ya shamba peke yake inaweza kumwondolea mtoto hofu anayoihitaji, na hilo ndilo lililobadilisha ushauri wangu.

Mamba hatengenezi joto la mwili wake kama sisi tunavyofanya kwa chakula tunachokula. Huliazima kwa jua asubuhi, na likizidi, huingia kivulini au majini, au huachama ili unyevu wa mdomoni ukauke na kukipoza kichwa. Kwa kuwa hatumii chakula kutengeneza joto, anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata miezi akiwa mtu mzima. Kulala kwake, kwa hiyo, ni uwekaji wa akiba. Mamba anayelishwa na binadamu hana sababu ya kuitumia akiba hiyo, ndiyo maana mwanafunzi hamwoni akifanya kazi yake.

Kazi hiyo ni kuvizia, nayo inahitaji mto. Mamba wa Wami utamwona kwanza akiwa ukingoni juu ya tope. Boti ikisogea, ataingia majini bila kurusha maji, na baada ya sekunde chache hutajua yuko wapi. Hapo ndipo somo lote lilipo. Niliwahi kuwaona vijana ishirini na watano wakinyamaza ghafla kwa sababu mnyama wa urefu wa mtumbwi alikuwa ametoweka mbele ya macho yao katika maji yasiyozidi kina cha mtu mzima. Mwongozaji aliwaambia neno moja tu, kwamba sasa wajue kuwa kutomwona si dalili ya kutokuwapo kwake. Sikuhitaji kuongeza kitu.

Mamba aliyetulia chini ya maji anaweza kukaa nusu saa, na akiwa hana shughuli hata zaidi ya hapo, kwa sababu moyo wake una njia ya pekee ya kupunguza damu inayokwenda mapafuni wakati hapumui. Akiamua kuruka, hutumia mkia na miguu ya nyuma, na shambulio lenyewe huisha kabla aliyeshambuliwa hajageuka. Windo kubwa hulivuta majini likazama, kisha hulizungusha kwa kujibiringisha mwili mzima ili kulichana vipande, kwa kuwa meno yake hayatafuni. Pamoja na hayo, chakula kikuu cha mamba wengi wakubwa wa Naili ni samaki. Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa Uganda na wa nchi ambayo sasa ni Zambia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, alionyesha jinsi chakula kinavyobadilika kadiri umbo linavyokua: wadogo hula zaidi wadudu na vijinyama vya majini, wa makamo hula samaki, na wakubwa huongeza wanyama wanaokuja kunywa maji. Binadamu anayeinama ukingoni na ndoo yumo katika kundi hilo la mwisho. Kati ya aina zote za mamba, huyu wetu na mamba wa maji chumvi wa Asia na Australia ndio wanaoshambulia watu zaidi.

Jambo jingine la mtoni, ambalo mimi mwenyewe hulifurahia zaidi, ni chumvi. Boti inapoanza safari karibu na mlango wa Wami, pande zote ni mikoko, maji ni mchanganyiko wa mto na bahari, na bado mamba wapo. Juu ya ulimi wa mamba kuna tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Aligeta hana tezi za namna hiyo zinazofanya kazi ipasavyo, na ndiyo maana haivumilii bahari kwa muda mrefu. Mvuvi wa Bagamoyo anayekuambia kwamba amemwona mamba katika maji ya mikoko ya delta ya Ruvu hajachanganya na gogo, kwa kuwa mwili wa mamba unaruhusu. Kaole unaweza kumweleza mtoto habari za tezi hizo, lakini Wami anaonja maji kwa kidole, akiwa amepewa ruhusa na mwongozaji wakati wa kupanda boti, kisha anamwona mamba, na hasahau.

Mayai na malezi

Hapa sehemu zote mbili zinatoa nusu nusu, na nusu ya Kaole ndiyo rahisi kuipata. Jike huchimba shimo katika mchanga ulio juu ya kiwango cha maji na kutaga kwa kawaida mayai kati ya 25 na 80, kisha huyafukia. Porini hutaga wakati wa kiangazi mto ukiwa umepungua, na watoto huanguliwa baada ya takribani miezi mitatu, mvua zinapokaribia au zinapokuwa zimeanza. Hayaatamii kwa kuyalalia kama kuku. Joto la mchanga ndilo linaloyalea, na joto hilohilo ndilo linaloamua jinsia. Mamba hana kromosomu za jinsia kama binadamu; mayai yaliyokaa katika nyuzi 32 hadi 34 hivi za sentigredi hutoa madume zaidi, na yaliyo chini au juu ya hapo hutoa majike. Kiota kimoja kinaweza kutoa madume upande mmoja na majike upande mwingine.

Mashamba ya mamba hutumia elimu hii kwa kudhibiti joto la vyumba vya mayai. Hutumia pia tahadhari nyingine ambayo watoto hupenda kuisikia: yai la mamba likishaokotwa halipaswi kugeuzwa juu chini, kwa sababu kijusi hujishikiza kwenye ganda la juu mapema na kugeuzwa kunaweza kukiua. Mtu wa kuku, aliyezoea kwamba mama kuku huyageuza mayai yake kila siku, huona ajabu hapo. Muulize mwongozaji wa shamba kama mayai yao hutoka kwa majike wa humo humo ndani au huokotwa mitoni, kwani kuna mashamba ya namna zote mbili, na jibu litawafungulia wanafunzi mjadala mzuri wa uhifadhi. Biashara ya ngozi iliwamaliza mamba katika mito mingi ya Afrika katikati ya karne iliyopita. Leo biashara hiyo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, na chini ya mkataba huo Tanzania ina kikomo cha mamba 1,600 wa porini kwa mwaka wanaoweza kusafirishwa nje, mbali na wale wa mashambani. Usiwafiche watoto kwamba mamba wengi wa shamba hufugwa kwa ajili ya ngozi ya tumbo. Wataelewa.

Kile ambacho hawatakiona Kaole ni mama. Jike wa porini hukaa karibu na kiota kwa miezi yote mitatu, akila kidogo sana au asile kabisa, akiwafukuza kenge, ambao ni wezi wakubwa wa mayai yake. Watoto wanapokaribia kutoka, hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mwaka 2008 watafiti Amélie Vergne na Nicolas Mathevon walirekodi vilio hivyo na kuvirudisha kwa vipaza sauti karibu na viota vya mamba wa Naili. Mayai mengine yalijibu na kuanza kutikisika, na akina mama walianza kuchimba mchanga. Akishayafukua, mama huyabeba mayai ambayo hayajapasuka na kuyavunja taratibu kati ya ulimi na kaakaa, kisha huwabeba watoto mdomoni hadi majini. Fikiria taya lile lile tulilolizungumzia juu. Hata baada ya ulinzi huo, ni wachache mno kati ya walioanguliwa wanaofikia utu uzima, kwani ndege, kenge, samaki wakubwa na mamba wenzao huwawinda bila kupumzika. Ni vigumu kukishuhudia kitendo hiki katika ziara ya siku moja, hata Wami, na asiwepo mwalimu wa kuwaahidi watoto kwamba watakiona. Lakini ukiwa mtoni na mwongozaji akakuonyesha mchanga ambao jike hupenda kutagia, maelezo hupata mahali pa kukaa.

Hadithi ya nyongo

Popote utakapowapeleka, mtoto mmoja atauliza kama nyongo ya mamba ni sumu. Imani hiyo ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kusini, na mwalimu anapaswa kuwa na jibu kabla hajaondoka shuleni. Januari 2015 watu 75 walifariki katika eneo la Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na mara moja ikatangaa kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara uligundua baadaye kwamba sumu ilitokana na bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika uliotumika kutengeneza pombe hiyo. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu imani ya nyongo huweza kumfanya mtu asiye na hatia ashukiwe uchawi au uuaji, na wakati huohuo ikaacha unga ulioharibika uendelee kutumika. Swali likiulizwa Kaole, ukiwa na muda na utulivu, lijibiwe hapo kikamilifu. Mtoni mwongozaji hatakuwa na nafasi.

Safari yenyewe

Kaole iko kilometa chache kusini mwa mji, na bajaji, bodaboda au basi la shule linafika bila taabu. Ziara inaweza kuunganishwa na magofu, ambayo misikiti na makaburi yake ya kale ni somo jingine kamili la historia. Gharama ni ndogo na hali ya hewa haiwezi kuivuruga ziara. Ukuta humlinda mtoto mradi mwalimu anakataza kukaa juu yake, kuning'iniza mikono, na kurusha mawe ili "kuwaamsha". Katazo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto aliyezoea kumrushia mamba jiwe shambani atafanya hivyo mtoni.

Saadani inahitaji siku nzima, gari lililo imara, na mawasiliano na hifadhi kabla ya safari ili boti na mwongozaji viwe tayari. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na vikundi vya shule viulize masharti yao mapema kwa sababu viwango hubadilika. Wasomaji wa Tanga na Pangani wanaweza kuingia hifadhini kwa upande wa kaskazini, na hivyo kwao tofauti ya umbali ni ndogo kuliko kwetu. Usiende masika, barabara huteleza, mto hujaa na kuchafuka, na kingo ambazo mamba huzitumia kuota jua huwa chini ya maji. Majira bora ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kwani asubuhi zikiwa na baridi mamba hukaa juani muda mrefu zaidi. Ndani ya boti kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha na mikono ibaki ndani, na mwongozaji aachiwe aamue umbali wa kukaa na viboko, ambao katika mto ule ni wa kuogopwa sawa na mamba.

Kuna chaguo la tatu ambalo watu hulitaja kwa nia njema, nalo ni kumkodi mvuvi akupeleke Ruvu kwa mtumbwi ili kuepuka gharama za hifadhi. Silipendekezi kwa kikundi chochote chenye watoto. Mtumbwi uko chini mno, karibu usawa wa maji, kiboko anaweza kuupindua kwa kuinua mgongo tu, na mvuvi anayeujua mto kwa kazi yake hana wajibu wala vifaa vya kuwaokoa watu ishirini wasiojua kuogelea. Fedha zikitosha kwa mtumbwi peke yake, basi zipeleke Kaole.

Na ukienda Kaole kwa sababu hiyo, fanya kitu ambacho mimi sikukifanya mara ya kwanza. Kabla ya kuingia, wagawe wanafunzi wawili wawili, kila jozi ichague mamba mmoja aliyelala na kumtazama kwa dakika kumi na tano bila kuhama, ikiandika kila kinachobadilika: kope ya tatu iliyopita juu ya jicho, matundu ya pua yaliyofunguka, mdomo ulioachama jua lilipopanda, kichwa kilichogeuka kidogo mtu alipopita nyuma ya ukuta. Karatasi zao zitajaa. Mwaka uliofuata yule kijana wa kidato cha pili alifanya zoezi hilo akiwa kidato cha tatu, na katika mstari wa mwisho wa karatasi yake aliandika kwamba mamba wake alikuwa macho muda wote.